Kabla ya Kununua Mashine ya Maji

Kwa familia nyingi za mji wa Juba, maji hayaji nyumbani kwa bomba. Huja kwa boza lililojazwa kando ya Nile, au kwa baiskeli iliyofungwa madumu ya njano, lita 20 kila moja, ikisukumwa kwa mguu kutoka mtaa hadi mtaa. Boza likisimama mlangoni, mama wa nyumba hutoa pipa lake la lita 200, hulipa fedha taslimu, na maji hayo ndiyo atakayopikia, atakayofulia, atakayomwogeshea mtoto na atakayompa baba anywe arudipo kutoka zamu. Wakati wa mvua maji hayo huwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Hapo ndipo linapozuka swali: yafanyiweje ili yanyweke?

Siku hizi jibu hupatikana dukani. Kuna mitambo ya kulainisha maji, yenye silinda ndefu na ndoo ya chumvi pembeni. Na kuna mashine za osmosisi ya kinyume, ambazo wauzaji huziita kwa herufi mbili tu, RO, zenye vichujio vitatu au vinne vyeupe vilivyopangwa mstari mmoja kama askari gwarideni. Mashine hizi si uongo. Kila moja hufanya kazi iliyoundiwa. Taabu yake ni kwamba kazi hiyo mara nyingi siyo ile inayohitajiwa na nyumba ya askari wa Bilpam, Giada au Buluk. Na fedha zikishavuka meza ya muuzaji hazirudi. Mshahara wa askari unajulikana ulivyo, na siku zake za kuchelewa zinajulikana pia. Kwa hiyo yapasa mambo haya yaelezwe kwa utulivu, mbali na kelele za dukani.

Adui ni nani?

Askari hafyatui risasi kabla ya kujua adui alipo. Katika maji ya Juba adui wa kwanza si chumvi wala chokaa. Ni kinyesi cha binadamu, pamoja na vijidudu vinavyosafiri ndani yake: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu. Mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa Juba mwezi Mei 2014, ukatangazwa tena Juni 2015, na tena Julai 2016. Huo wa 2016 haukwisha hadi mwishoni mwa 2017, na nchi nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 400. Mwezi Oktoba 2024 ugonjwa ulitangazwa Renk, mpakani mwa kaskazini, ukashuka na watu waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan mpaka ukaingia Juba na majimbo mengine.

Kuna watu wasemao kwamba maji ya mto ndiyo mabaya, na kwamba mwenye kisima cha pampu ameokoka. Si hivyo. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa vyanzo 147 vya maji ya ardhini mjini Juba, na katika asilimia 66 ya vyanzo hivyo vilipatikana vijidudu vinavyoonyesha kwamba kinyesi kimefika majini. Mji umepanuka upesi mno, vyoo vya shimo vimechimbwa karibu na visima, na mvua hushusha vya juu viende chini. Maji ya kisima yaweza kuwa meupe kama kioo, yakampendeza mgeni kwa ubaridi wake, na bado yakamlaza kitandani.

Jinsi tofauti ndogo ya kushughulikia maji inavyoweza kuamua nani aishi na nani afe ilionekana zamani, tena mbali sana na Juba. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, nchini Ujerumani, na watu zaidi ya 8,000 wakafa. Mji wa Altona ulikuwa umepakana na Hamburg hata ikawa si rahisi kujua mmoja unaishia wapi. Wote wawili walikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Altona ilikuwa ikiyapitisha maji yake polepole katika mchanga. Hamburg haikufanya hivyo. Kipindupindu kiliua Hamburg na kuigusa Altona kidogo tu. Mchanga na uangalizi vilitosha, wala hapakuwa na mtambo wa ajabu.

Maji magumu, na mtambo wa kuyalainisha

Maji huitwa magumu yakiwa na kalisi na magnesi nyingi, madini ambayo maji huyachukua yanapopita katika mawe. Kila mama wa nyumba anayajua ingawa huenda hajui jina lake. Sabuni haitoi povu, bali hufanya utando mchafu juu ya beseni. Birika huota ukoko mweupe ndani. Maharagwe hukaa motoni hata mkaa uishe, nayo bado magumu. Vipimo vya wataalamu vyasema hivi: maji yenye miligramu chini ya 60 za ugumu katika lita moja ni laini, na yakizidi 180 ni magumu sana.

Namna rahisi ya kupima haihitaji fundi. Chukua chupa safi yenye kifuniko, tia maji mpaka theluthi moja, kwangulia humo kipande kidogo cha sabuni ya mche, kisha tikisa kwa nguvu. Povu jingi likikaa juu ya maji yaliyo wazi, maji ni laini. Povu likiwa haba na maji yakageuka kama yaliyotiwa unga, ni magumu. Lakini isitumiwe sabuni ya unga, maana hiyo hutoa povu hata katika maji magumu, na jaribio halitakuwa na maana.

Mtambo wa kulainisha una chembe ndogo za resini zilizobeba sodiamu. Maji magumu yapitapo, resini hushika kalisi na magnesi na kuachia sodiamu iende badala yake. Chembe zikishiba, husuuzwa kwa maji ya chumvi nyingi ili zirudie hali yake ya kwanza, na maji hayo ya kusuuzia humwagwa. Ndiyo sababu ya ile ndoo ya chumvi: haijazwi mara moja tu, bali hujazwa maisha yote ya mtambo.

Sasa yafaa mambo matatu yasemwe waziwazi, kwa kuwa wauzaji wengi huyapita mbio.

La kwanza, mtambo huu hauui kijidudu hata kimoja. Kipindupindu kikiingia kwa upande mmoja, kitatokea kwa upande wa pili kizima kabisa, ila kitakuwa kinaogelea katika maji laini. La pili, hauondoi ladha ya chumvi, huongeza sodiamu. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita yakilainishwa hupata takriban miligramu 140 za sodiamu kwa kila lita. Mtu anayekunywa lita 3 kwa siku, kama anywavyo askari alindaye juani, atapata miligramu 420, yaani kiasi cha moja ya tano ya 2,000 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kwa siku nzima, naye bado hajaonja mboga. Kwa mwenye shinikizo la damu, na kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, hilo si jambo dogo. La tatu, ugumu wenyewe hauleti ugonjwa. Shirika hilo halikuuwekea kikomo chochote kwa ajili ya afya. Ugumu humsumbua mfuaji na mwenye birika, haumsumbui daktari.

Tena maji ya Nile yapitayo Juba hayana ugumu wa kusumbua. Yametoka katika maziwa makubwa ya Uganda, nayo maziwa hayo hulishwa na mvua. Anayenunua maji ya boza yaliyotoka mtoni, kisha akanunua mtambo wa kulainisha, amenunua mwavuli wa kutumia ndani ya nyumba. Mtambo huo waweza kufaa penye kisima kigumu sana, katika hoteli au dobi la hospitali, panapochemshwa maji mengi na ukoko kuziba mabomba. Kwa kufua nguo za nyumbani, magadi ya kufulia yaliyotiwa katika beseni kabla ya sabuni hulainisha maji kwa fedha kidogo sana. Ugumu mwingine huondoka wenyewe maji yakichemka. Ule ukoko wa birika ndio ugumu uliokwisha kutoka.

RO na kazi yake

Mashine ya osmosisi ya kinyume ni kitu kingine kabisa, nayo yastahili heshima. Katika miaka ya 1959 na 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California, walitengeneza utando ulioweza kupitisha maji na kuzuia chumvi kwa kiasi chenye faida. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, katika jimbo hilohilo la California, ulianza kunywa maji ya visima vya chumvi yaliyochujwa kwa njia hiyo. Leo miji mizima ya Ghuba hunywa maji ya bahari yaliyopitishwa katika tando za namna hii, na Waswahili wanaoishi Maskati hupikia chai maji hayo bila kuyafikiria. Majeshi ya nchi nyingi hubeba mitambo hiyo juu ya malori.

Asili ya utando huu ni kwamba maji husukumwa kwa nguvu upande mmoja. Yaliyo safi hupenya, na yaliyobaki na chumvi yake huenda mferejini. Utando ukiwa mzima, huzuia chumvi, floraidi, risasi na metali nyingine nzito, hata vijidudu. Hakuna chombo kingine cha nyumbani kinachoweza kazi zote hizo. Kuchemsha hakuondoi chumvi, bali huikoleza. Klorini haigusi risasi.

Basi ni nani anayeihitaji? Ni yule ambaye maji yake yana kitu kilichoyeyuka kinachodhuru au kisichovumilika. Baadhi ya visima vya Juba hutoa maji ya chumvi hata chai haina raha. Katika jimbo la Unity, karibu na visima vya mafuta vya Thar Jath, shirika la Kijerumani liitwalo Sign of Hope lilieleza kwa miaka mingi habari za maji yenye chumvi na metali nzito. Askari aliyepangiwa kulinda sehemu kama hizo asidhani kwamba kuchemsha kunamtosheleza. Huko Tanzania, katika sehemu za Arusha zilizo karibu na Mlima Meru, floraidi ya visimani imetia meno ya watoto madoa ya kahawia na hata kupinda mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Lakini hata huko, si kila mtu alikimbilia RO: kituo cha Ngurdoto kilifundisha watu kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga wa Arusha alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa kichujio chake kinachorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali.

Mwenye maji ya Nile hana shida hizo. Naye akiinunua RO, atakutana na madai yake moja baada ya jingine.

Dai la kwanza ni msukumo. Mashine nyingi za nyumbani hutaka msukumo wa maji yanayoshuka kutoka kimo cha mita 30 hivi. Tangi la nyumba ya Juba, lile jeusi la plastiki, husimama juu ya vyuma vya mita nne au tano. Kwa hiyo pampu haina budi, na pampu yataka umeme, na umeme usipokuwapo yataka jenereta, na jenereta yataka mafuta. Hesabu hiyo huanza kwa maji na kuishia kituo cha petroli.

Dai la pili ni maji yenyewe. Mashine ya kawaida humwaga lita 3, pengine 4, ili itoe lita moja. Ichukuliwe familia ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 3 za kunywa: jumla lita 24. Ili zipatikane hizo, lita 72 zitakwenda mferejini. Jumla ni lita 96, karibu madumu matano, yaani nusu ya pipa lililolipiwa asubuhi. Kweli, maji yanayomwagwa yaweza kukingwa yakaosha sakafu na choo, na mama mwenye busara atafanya hivyo. Lakini mahali ambapo maji hununuliwa kwa pipa, mashine inayomwaga robo tatu yafaa ifikiriwe mara mbili.

Dai la tatu ni tope na klorini. Tope la Nile huziba kichujio cha kwanza upesi sana wakati wa masika. Klorini, ambayo ni mlinzi wa maji, huharibu utando wa kisasa. Ndiyo maana mashine hutanguliza kichujio cha mkaa ili kiimeze klorini kwanza. Mkaa ukichoka bila kubadilishwa, utando hufa polepole, na mwenye nyumba hajui, kwa kuwa maji yanaendelea kutoka na kuonekana meupe. Vichujio vya mbele hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, tena mapema zaidi kwa maji machafu; utando hudumu miaka miwili au mitatu. Kabla ya kuuliza bei ya mashine, iulizwe bei ya vichujio, na kama vitakuwapo dukani mwaka ujao. Duka lililoleta mashine kumi bila vichujio vya akiba limeleta makopo matupu.

Tena maji ya RO hayana klorini ndani yake. Yakishatoka, hayana mlinzi. Kikombe kimoja kilichoshikwa kwa mkono usionawa kikitumbukizwa ndani ya ndoo, gharama yote hiyo imepotea.

Namba na rangi za dukani

Muuzaji hodari huonyesha, hasemi tu. Mama aingiapo dukani huenda akakutana na maneno ya namna hii:

"Karibu, mama. Tazama kipimo hiki. Maji yako yasema 140. Haya ya mashine yasema 9."

"Hiyo 140 ni hesabu ya nini, ndugu yangu?"

"Ni uchafu, mama."

"Uchafu gani? Wa choo, au wa chumvi?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Kipimo hicho, mfano wa kalamu, hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na hivyo kukisia madini yaliyoyeyuka. Hakijui kijidudu. Maji ya Nile yaliyotoka chini ya choo cha mtoni yaweza kutoa namba ndogo ya kupendeza, na maji mazuri ya kisima kirefu yakatoa namba kubwa.

Mwingine hutumbukiza vyuma viwili viwili vyenye umeme katika bilauri mbili. Maji ya kawaida hugeuka rangi ya kutu na kutoa mapovu machafu. Ya mashine hubaki meupe, na wateja hushika vinywa. Rangi hiyo haikuwamo majini. Ni chuma chenyewe kinacholiwa na umeme, kwa sababu maji yenye madini huupitisha. Anayetaka kuhakikisha aombe punje chache za chumvi ya mezani, azitie katika bilauri ile nyeupe, kisha vyuma virudishwe. Itageuka kama mwenziwe. Pengine muuzaji atakataa, na hilo nalo ni jibu.

Njia zinazofaa nyumba ya kawaida

Kazi ya maji ya Juba ina sehemu mbili: kutoa tope, kisha kuua vijidudu. Anayeruka ya kwanza huharibu ya pili, maana klorini humalizwa na tope kabla ya kufika kwa kijidudu.

Kutoa tope si elimu ngeni katika bonde la Nile. Wanawake wa Sudan tangu zamani walikoroga katika mitungi yao udongo maalumu waliouita rauwaq, tope likashikana na kuzama. Walipoujua mlonge, waliuita mti wa rauwaq, kwa kuwa mbegu zake hufanya kazi ileile. Bibi Samia Al Azharia Jahn, mtaalamu aliyefanya kazi Khartoum, aliyachunguza maarifa haya na kuyachapisha katika miaka ya 1970 na 1980, na hivyo wahandisi wa nchi nyingi wakajifunza kutoka kwa wachota maji. Mbegu kavu humenywa, husagwa, moja au mbili kwa lita moja kulingana na wingi wa tope. Unga hukorogwa kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano au zaidi, halafu maji huachwa saa moja au mbili bila kuguswa. Yaliyo juu humiminwa. Vijidudu vingi huzama pamoja na tope, lakini si vyote, kwa hiyo kazi haijaisha.

Penye vifuko vya unga wa PUR, kazi zote mbili hufanyika pamoja, kwa sababu unga huo una dawa ya kushika tope na klorini. Kifuko kimoja ni cha lita 10: hukorogwa dakika 5, huachwa tope lizame, huchujwa kwa kitambaa safi cha pamba, kisha husubiriwa dakika 20. Vidonge vya Aquatabs havitoi tope; ni vya maji yaliyokwisha kuwa meupe. Kidonge cha miligramu 67 ni cha dumu moja la lita 20, na husubiriwa dakika 30. Wako watu wanaokipasua kidonge nusu ili kiende mbali, na wako wanaotia viwili kwa hofu. Yasomwe maandishi ya pakiti, kwani vidonge huja kwa ukubwa mbalimbali. Harufu ndogo ya klorini isiwachukize watoto: hiyo ndiyo dalili kwamba mlinzi angali zamu.

Njia hii ina asili ya kijeshi. Katika miaka ya 1910, daktari wa Jeshi la Marekani, William Lyster, alibuni mfuko mkubwa wa turubai uliotundikwa kwa mti, ukajazwa maji na kutiwa unga wa klorini, na askari wakajaza chupa zao kwenye vibomba vilivyo chini yake. Mfuko huo ulikwenda vita kuu zote mbili.

Kuchemsha huua vijidudu vyote vya hatari, na maji yakishatokota kwa mapovu makubwa yametosha. Kuyaacha nusu saa ni kuchoma mkaa bure. Lakini mkaa wa Juba una bei, na misitu inayouzunguka mji inaujua mkaa huo zaidi. Kichujio cha udongo wa kuchomwa, cha mfano wa chungu au mshumaa mweupe, hakitaki umeme wala moto, huchuja lita moja au mbili kwa saa, na huoshwa kwa brashi laini. Kinatengenezwa hata Uganda, karibu na soko letu. Kikipasuka, ijapokuwa ufa ni mwembamba kama unywele, hakifai tena. Asiye na kitu kabisa anaweza kulaza chupa za plastiki zilizo wazi, zenye maji yaliyotulia meupe, juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu.

Wengi watakumbuka pia kitambaa cha kuchujia na kile kifilimbi cha kuchuja kinachovaliwa shingoni. Vitu hivyo vidogo vimefanya kazi kubwa. Mwaka 2006 wagonjwa wa mnyoo wa Guinea walikuwa zaidi ya 20,000 katika Sudan ya wakati ule, karibu wote kusini. Mwaka 2023 Sudan Kusini nzima ilihesabu wagonjwa 2. Kitambaa hukamata kidudu cha majini kibebacho mnyoo huo. Hakikamati kipindupindu, ambacho hupenya katika uzi kama mbu apitavyo mlangoni, kwa hiyo asiwepo mtu wa kutegemea kitambaa peke yake mjini.

Bomba nalo limeanza kusogea. Mtambo wa zamani wa kusafisha maji wa Juba ulikuwa na uwezo wa mita za ujazo 7,200 kwa siku. Mradi uliosaidiwa na Japani, ambao ulisimamishwa na mapigano ya Desemba 2013 na tena ya Julai 2016, uliongeza mita za ujazo 10,800. Familia yenye kituo cha maji hayo karibu ina faida kuliko yenye mashine yoyote, nayo ifanye kazi moja tu: kuyatunza safi kutoka kituoni mpaka kinywani.

Kutunza huko kwataka chombo chenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye kifuniko na bomba chini, isiyoingizwa kikombe wala mkono. Dumu la njano lililotumika muda mrefu huwa na ute wa kijani ndani. Hutiwa mchanga safi na maji kidogo, hutikiswa mpaka ukwaruke, husuuzwa, kisha hutiwa maji ya klorini nusu saa kabla ya kujazwa upya. Mtungi wa udongo, ule wa ziri ambao hupooza maji kuliko friji isiyo na umeme, uendelee kupendwa, ila uwekewe upawa wenye mkono mrefu na kifuniko kizito.

Kisha yako maji ambayo hayauzwi na mtu. Mvua za Juba huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Paa la bati la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hukusanya lita 400, mapipa mawili. Nayo ni maji laini kuliko yatakayotoka katika mtambo wowote wa chumvi. Mifereji ya bati ifungwe mwezi Machi, kabla ya mafundi kuwa na kazi nyingi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi na mavi ya ndege, ile ya pili ndiyo ikingwe, kwa chandarua kilichofungwa mdomoni mwa pipa, na ya kunywa yatiwe kidonge kama mengine.